Plagini za WordPress kwa anayeanza: mwongozo kamili kwa wenye tovuti Unguja na Pemba

Mwenye nyumba ya wageni Jambiani, kikundi cha kina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani Paje, mwenye shamba la viungo Kizimbani, muuza mafuta ya karafuu Wete: wengi wao siku hizi wana tovuti, na karibu wote hukwama mahali pamoja. Tovuti ipo, picha nzuri zipo, namba ya simu ipo. Lakini mgeni hawezi kutuma ombi la chumba, hawezi kusoma kwa Kiitaliano, hawezi kulipia. Dawa ya hayo ni plagini, yaani programu-jalizi: programu ndogo unayoiweka ndani ya tovuti ili ifanye kazi ambayo haikuwa nayo ilipojengwa.

Mwongozo huu ni wa tovuti za WordPress. WordPress ilitoka mwaka 2003, mfumo wake wa plagini ukaja mwaka uliofuata, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaiendesha. Kwenye hazina yake rasmi kuna plagini za bure zaidi ya 50,000. Wingi huo ndio unaowaponza wanaoanza, kwa sababu kila plagini unayoiweka unaipa ufunguo wa nyumba nzima: inaweza kusoma hifadhidata yote (ghala la maandishi na taarifa za tovuti), majina ya wageni wako, ujumbe wao, hata akaunti za wasimamizi. Ndiyo maana nasema tangu mwanzo kwamba tovuti ndogo ya hapa kwetu inahitaji plagini chache, kila moja ikiwa na kazi inayojulikana, na mwenye tovuti akijua kwa nini ipo.

Neno moja kuhusu wakati. Mabadiliko makubwa yafanye masika, Aprili na Mei, wageni wanapokuwa wachache na hoteli nyingine zimefungwa. Usijaribu mfumo mpya wa malipo mwezi wa Agosti au wiki ya mwisho wa mwaka.

WordPress yako ni ipi?

Ziko mbili na watu huzichanganya. Moja ni huduma ya WordPress.com, ambako unafungua akaunti na wao wanakuhifadhia kila kitu. Ukiwa kwenye mpango wao wa bure, anwani yako inaishia na wordpress.com na huwezi kuweka plagini za kujichagulia. Nyingine ni programu yenyewe ya WordPress, inayotolewa bure kupitia WordPress.org, ambayo wewe au fundi wako mliiweka kwenye seva (kompyuta inayoitoa tovuti mtandaoni) ya kampuni ya hostingi, yaani kampuni mnayoilipa iihifadhi tovuti. Hii ya pili ndiyo ninayoizungumzia.

Ili kujua, andika anwani ya tovuti yako ikifuatiwa na /wp-admin, ingia, kisha tazama safu ya kushoto ya dashibodi, yaani ukurasa wa kuisimamia tovuti. Ukiona neno "Plugins", endelea. Usipoliona, huenda mpango wako hauruhusu, au fundi alikupa akaunti ya kuandika makala tu akabaki yeye na usimamizi. Hili la pili nimelikuta mara nyingi. Mwambie akupe akaunti ya "Administrator". Biashara ni yako, na funguo zake ziwe mkononi mwako.

Ukiwa humo, fungua "Tools" halafu "Site Health". Tafuta toleo la PHP, lugha ambayo WordPress na plagini zake zimeandikwa. Ukikuta 7.4 au chini ya hapo, iombe kampuni ya hostingi ikupandishie kabla hujaongeza chochote, maana toleo hilo liliacha kutunzwa Novemba 2022 na plagini nyingi mpya hazilikubali tena.

Andika haja zako kwanza

Kosa la kawaida ni kuanza na majina ya plagini uliyoyasikia kwenye video. Anza na karatasi. Tuchukue ile nyumba ya wageni ya Jambiani yenye vyumba vitano. Haja zake ni hizi: mgeni atume ombi na ombi lifike, asome kwa lugha yake, kurasa zifunguke haraka kwenye simu, na siku mambo yakiharibika, tovuti irudi.

Sasa futa yale yasiyohitaji plagini kabisa, nayo ni mengi kuliko unavyodhani. Kitufe cha WhatsApp, ambacho kila mtu hapa anakitaka, ni kiungo tu. Weka kitufe cha kawaida kwenye ukurasa, na kiungo chake kiwe https://wa.me/255 ikifuatiwa na namba yako bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha na bila nafasi. Ramani ya kufika kwako inatoka Google Maps: bonyeza "Share", kisha "Embed a map", nakili maandishi utakayopewa uyabandike kwenye bloku ya "Custom HTML" (bloku ni kipande kimoja cha ukurasa unapouandika). Video ya YouTube unabandika anwani yake tu. Albamu ya picha ina bloku yake, na alama za Instagram na Facebook zina bloku yake pia. Nimeona tovuti zenye plagini tano kwa mambo haya matano, kila moja ikipakia faili zake na kuuzorotesha ukurasa bure.

Nakala rudufu kabla ya chochote kingine

Plagini ya kwanza iwe ya nakala rudufu. Kampuni nyingi za hostingi husema zinahifadhi nakala, lakini nakala iliyo kwenye seva ileile ya tovuti inaweza kupotea pamoja nayo. Mimi hupendekeza UpdraftPlus, kwa sababu toleo lake la bure linatosha na kurejesha ni rahisi.

Ukishaiwasha, fungua mipangilio yake. Kwa tovuti isiyobadilika sana, panga faili zihifadhiwe mara moja kwa wiki na hifadhidata kila siku. Kisha chagua nakala ziende wapi: Google Drive au Dropbox, kwa akaunti ya biashara, isiwe ya fundi. Bonyeza "Backup Now", subiri, halafu fungua hiyo Google Drive uzione faili kwa macho yako. Usiamini maandishi ya kijani peke yake.

Toleo hilo la bure huhifadhi hifadhidata, picha, plagini na muonekano wa tovuti. WordPress yenyewe haliihifadhi, na hilo halina neno, kwa kuwa WordPress unaipata upya wakati wowote. Picha za nyumba yako na maneno uliyoyaandika ndivyo visivyopatikana popote pengine.

Kusoma ukurasa wa plagini

Kwenye dashibodi nenda "Plugins", kisha bonyeza kitufe cha kuongeza, "Add Plugin" au "Add New" kutegemea toleo lako. Andika kazi unayoitaka kwa Kiingereza, maana maelezo mengi yako kwa lugha hiyo. Matokeo yatakuja mengi. Kabla ya kubonyeza chochote, fungua maelezo ya plagini na uyasome kwa utaratibu huu.

Tazama lini ilisasishwa mwisho. Zaidi ya mwaka mzima bila sasisho, mimi huiacha, hata kama ni nzuri. Tazama imejaribiwa na toleo gani la WordPress; hazina rasmi huweka onyo lenyewe pale plagini isipojaribiwa na matoleo makuu matatu ya karibuni. Tazama idadi ya tovuti zinazoitumia. Plagini ya tovuti mia moja si lazima iwe mbaya, ila mwenye kuanza hana sababu ya kuwa mjaribu wa kazi ya mtu mwingine.

Nyota zisikuhadae. Nenda moja kwa moja kwenye malalamiko ya nyota moja ya miezi ya karibuni: wanalalamikia nini? Mtu aliyekasirika kwa sababu alitaka bure kitu cha kulipia, mpite. Watu kumi wanaosema tovuti zao zilizimika baada ya sasisho la wiki iliyopita, wasikilize. Halafu angalia kwenye jukwaa la msaada la plagini kama mwandishi wake hujibu maswali.

Baadhi ya plagini zina kitufe cha "Live Preview", kinachofungua WordPress ya majaribio ndani ya kivinjari chako bila kuigusa tovuti yako. Kitumie ukiwa na mtandao wa kutosha, kwani kinakula bando.

Kuiweka na kuiwasha

Hapa pana kazi ndogo. Bonyeza "Install Now", subiri, kisha kitufe hichohicho kitageuka kuwa "Activate". Kuiweka na kuiwasha ni vitu viwili. Plagini iliyowekwa bila kuwashwa haifanyi kazi yoyote.

Plagini uliyoinunua hupewi kupitia hazina, unapata faili ya zip. Usiifungue. Nenda palepale pa kuongeza, bonyeza "Upload Plugin", chagua faili, kisha "Install Now". Ukiambiwa faili ni kubwa kupita kiasi, tatizo ni kikomo cha seva. Iombe kampuni ya hostingi iongeze kikomo cha kupandisha faili.

Weka moja kwa wakati mmoja. Baada ya kuiwasha, fungua tovuti kwenye dirisha la faragha la kivinjari, uitazame kwenye simu kama mgeni anavyoiona, pita kurasa zote kuu. Ikiwa sawa, ndipo uende kwenye nyingine. Ukiwasha tano kwa mpigo na ukurasa ukavurugika, utakaa usiku kucha unamtafuta mkosaji.

Fomu ya maombi, na kwa nini barua hazifiki

Hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalopoteza pesa za watu kimyakimya. Mgeni wa Milano anajaza fomu, anaona maneno ya shukrani, anasubiri. Wewe Jambiani huoni kitu. Baada ya siku mbili amekwenda kwa jirani, nawe hujui kwamba alikuwepo.

Kwa fomu, Contact Form 7 ni ya bure, nyepesi na ya siku nyingi. WPForms Lite ni rahisi zaidi kwa asiyezoea, maana unaburuta visanduku. Nitaeleza ya kwanza, kwa kuwa mipangilio yake inafundisha jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi.

Ukishaiwasha, menyu ya "Contact" inatokea kushoto. Humo kuna fomu moja iliyo tayari. Ongeza unachohitaji tu: jina, barua pepe, tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka, idadi ya watu, ujumbe. Kila kisanduku cha ziada kinakupunguzia wajazaji. Na tafadhali usiweke kisanduku cha kupandisha picha ya pasipoti. Hati hiyo mgeni aioneshe akifika mlangoni. Ikikaa kwenye seva yako, siku ikivuja lawama ni yako. Wageni wengi wanatoka Ulaya, na tangu 25 Mei 2018 wenzetu huko wana sheria kali ya data binafsi wanayoijua na kuidai. Kusanya kidogo, na futa usichokihitaji tena.

Kisha fungua kichupo cha "Mail". Mahali pa "To" andika anwani unayoisoma kila siku. Mahali pa "From" pawe na anwani ya kikoa (jina la mtandaoni) cha tovuti yako mwenyewe. Usiweke ya mgeni. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaweka barua pepe ya mgeni ili wamjibu kwa urahisi, na Gmail inaona barua inayodai kutoka kwa mtu wa Gmail lakini imetumwa na seva nyingine, inaitupa kwenye barua taka. Anwani ya mgeni mahali pake ni kwenye vichwa vya ziada, mstari unaoanza na "Reply-To". Ukibonyeza kujibu, jibu litaenda kwake. Hifadhi, nakili msimbo mfupi ulio juu ya fomu (maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba, yanayoiita fomu kwenye ukurasa), ubandike kwenye ukurasa wa mawasiliano.

Bado hatujamaliza. WordPress kwa kawaida hutuma barua kupitia seva ya tovuti bila uthibitisho wowote, na watoa huduma wa barua pepe hawaiamini njia hiyo. Weka plagini ya SMTP (njia ya kawaida ya kutuma barua pepe), mfano WP Mail SMTP, ili barua zipite kwenye akaunti halisi ya barua pepe. Ukitumia Gmail kwa njia hii, seva ni smtp.gmail.com, mlango 587 kwa usimbaji wa TLS, na nenosiri si lile la kuingilia. Washa kwanza uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, kisha tengeneza nenosiri la programu lenye herufi 16, ndilo ulitumie. Kama una anwani ya kikoa chako, tumia vipimo ulivyopewa na kampuni ya hostingi, na waulize kama rekodi za SPF na DKIM zimewekwa. Hizo ndizo zinazothibitisha kwamba seva ina ruhusa ya kutuma kwa jina lako.

Tuma barua ya majaribio kutoka ndani ya plagini. Kisha jaza fomu mwenyewe kwa simu ya rafiki, na uitafute barua kwenye Gmail, hata kwenye folda ya barua taka. Rudia jaribio hili kila mwezi, maana mtu akibadilisha nenosiri tu barua zinakatika bila taarifa.

Contact Form 7 haihifadhi ujumbe popote, huutuma tu. Kwa hiyo ongeza Flamingo, plagini ya mwandishi yuleyule, ambayo huweka kila ombi ndani ya dashibodi. Barua isipofika, ombi halijapotea. Hii ni plagini ya ziada ninayoitetea bila kusita.

Kalenda ya vyumba

Ukitaka mgeni aone vyumba vilivyo wazi na ajiwekee mwenyewe, utahitaji plagini ya kuhifadhi vyumba. Kama unauza pia kupitia Booking.com au Airbnb, chagua inayosoma na kutoa kalenda za iCal (muundo wa kubadilishana kalenda kati ya mifumo), kwa sababu pande zote mbili zinatoa kiungo cha aina hiyo. Lakini elewa kwamba kalenda hizi husomana kwa vipindi, si papo hapo. Kati ya kipindi na kipindi chumba kimoja kinaweza kuuzwa mara mbili. Kwa nyumba ya vyumba vitano, mimi ningebaki na fomu ya ombi na jibu la mtu: anayepokea maombi anaangalia daftari lake, anajibu ndani ya saa chache. Nyumba ya vyumba ishirini ni habari nyingine.

Lugha

Polylang ya bure inakuruhusu kuwa na kila ukurasa kwa lugha kadhaa, na tafsiri unaandika wewe. Ipo njia ya mashine kutafsiri kila kitu yenyewe, nayo inavutia. Ila mashine inayotafsiri maelezo ya pweza wa nazi au urojo bila mtu kusoma inaweza kumfanya mgeni ashindwe kuelewa anachouziwa. Ni bora kurasa tatu za Kiitaliano zilizosomwa na Muitaliano, na wako wengi Nungwi na Kiwengwa, kuliko kurasa ishirini za kubahatisha. Na usiisahau lugha yetu: mteja wa Chake Chake au Dar es Salaam naye anatafuta pa kulala.

Malipo

WooCommerce ndiyo plagini ya duka inayotumika zaidi kwenye WordPress. Ni ya bure na shilingi ya Tanzania imo kwenye orodha yake ya sarafu. Kwa kikundi kinachouza sabuni ya mwani au chupa za mafuta ya karafuu, inafaa. Kwa mwenye vyumba vichache, ni mzigo mkubwa kuliko haja yake.

Suala gumu ni pesa kukufikia. Video nyingi za mafunzo zinatumia Stripe, kampuni ya nje ya kupokea malipo ya kadi, lakini Stripe haisajili biashara za Tanzania, kwa hiyo ukifuata video hizo utakwama hatua ya mwisho. Tafuta kampuni ya malipo inayofanya kazi nchini, inayopokea kadi na pesa za simu, na yenye plagini yake ya WooCommerce. Pesapal ni mfano mmoja. Kabla ya kusaini, uliza makato kwa kila muamala wa kadi ya nje, pesa zinaingia benki baada ya siku ngapi, na wanataka nyaraka gani za usajili.

Ukiwa unaanza, washa njia mbili zilizomo ndani ya WooCommerce bila gharama: kulipa kwa benki na kulipa wakati wa kupokea mzigo. Ukipata oda za kutosha kuhalalisha makato, ndipo uunganishe kadi.

Kasi

Mgeni anayekutafuta akiwa kwenye daladala ya Makunduchi ana mtandao wa simu, na mara nyingine dhaifu. Kinachozorotesha tovuti za hapa zaidi ya kitu chochote ni picha. Picha ya simu ina megabaiti nne au tano, na mtu anaweka kumi kwenye ukurasa mmoja. WordPress hupunguza picha zinazozidi pikseli 2560, ila hiyo bado ni kubwa. Punguza upana ufike 1600 hivi kabla ya kupandisha, uzito usizidi kilobaiti 300. Ukifanya hivyo kwa mkono, plagini ya kubana picha huihitaji.

Plagini ya kashe inahifadhi kurasa zilizokwisha kutengenezwa ili seva isizitengeneze upya kwa kila mgeni. Kama seva yako inaendeshwa na programu ya LiteSpeed, na kampuni ya hostingi itakwambia, tumia LiteSpeed Cache. Kama siyo, WP Super Cache inatosha. Moja tu, kamwe si mbili, kwani zitagombana. Ukibadilisha bei na mgeni akaona ya zamani, futa kashe. Wewe uliyeingia kwenye dashibodi mara nyingi huoneshwa ukurasa mpya, ndiyo maana unadhani kila kitu kiko sawa.

Sasisho na usalama

Mwaka 2020 plagini moja ya kusimamia faili, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya laki saba, iligundulika na tundu lililomruhusu mtu yeyote kupandisha faili na kuiteka tovuti. Marekebisho yalitoka haraka. Walioendelea kuwa hatarini baada ya hapo ni wale ambao hawakusasisha.

Tangu toleo 5.5 la mwaka huohuo, WordPress inaweza kusasisha plagini yenyewe: kwenye orodha ya plagini, bonyeza "Enable auto-updates". Kwa fomu, SMTP, nakala rudufu na lugha, iwashe. Kwa WooCommerce na plagini ya malipo, sasisha kwa mkono, baada ya kuchukua nakala rudufu, kisha jaribu kununua kitu kimoja mpaka mwisho.

Plagini ya kulipia inayogawiwa bure kwenye magrupu ya Telegram usiiguse. Anayekupa ameifungua ndani, na mara nyingi ameacha mlango wa kuingilia. Pia haitapata sasisho.

Tovuti ikizimika

Itatokea siku moja, na unahitaji utulivu.

Ukiona maneno "Briefly unavailable for scheduled maintenance", sasisho limekatikia njiani, labda kwa sababu mtandao au umeme ulikwenda. Subiri dakika kumi, WordPress huacha kuonesha ujumbe huo yenyewe. Usipoondoka, ingia kwenye faili za tovuti kupitia cPanel (paneli ya kusimamia akaunti ya hostingi), ufute faili inayoitwa .maintenance. Huenda imefichwa, kwa hiyo washa kwanza kuonesha faili zilizofichwa.

Ukiona ukurasa mweupe au "There has been a critical error on this website", fuata hatua hizi:

1. Fungua barua pepe ya msimamizi wa tovuti. Tangu toleo 5.2 la mwaka 2019, WordPress hutuma barua inayotaja plagini yenye kosa na kiungo maalumu cha kuingilia. Ingia kwa kiungo hicho, zima plagini iliyotajwa.

2. Barua isipokuja, ingia cPanel, fungua "File Manager", nenda folda ya wp-content, kisha plugins. Ukijua uliyoigusa mwisho, badilisha jina la folda yake, mfano uongeze neno -zima mwishoni. Fungua tovuti.

3. Usipomjua mkosaji, badilisha jina la folda nzima ya plugins. Tovuti ikirudi, ingia kwenye dashibodi na ufungue ukurasa wa "Plugins" ili WordPress izizime zote. Baada ya hapo ndipo urudishe jina la folda, uwashe moja baada ya moja ukiitazama tovuti kila mara.

4. Yakishindikana yote, rejesha nakala ya UpdraftPlus ya siku kabla ya tatizo.

Hatua ya kwanza inategemea anwani ya msimamizi iliyoandikwa "Settings", sehemu ya "General". Iangalie leo. Mara nyingi ni ya fundi aliyeijenga tovuti na hamjawasiliana tena.

Kuiondoa isiyotumika

Kuzima plagini hakutoshi. Faili zake zinabaki kwenye seva, na tundu la usalama linaweza kutumika hata ikiwa imezimwa. Ukishaona hutaihitaji, bonyeza "Deactivate", kisha "Delete". Kabla ya hapo tafuta ilitumika kurasa zipi, kwa sababu misimbo mifupi iliyokuwa ikionesha fomu au albamu itabaki maandishi ya mabano mbele ya wageni. Plagini zinazojenga kurasa nzima, kama Elementor, ni ngumu zaidi kuachana nazo: ukiifuta, mpangilio wote wa kurasa unavunjika. Fikiria hilo siku ya kuiweka.

Daftari la plagini

Anzisha ukurasa mmoja wa maandishi, kwenye simu au kwenye daftari la kawaida. Kwa kila plagini andika jina, kazi yake, nani aliiweka na lini. Kwa ya kulipia, ongeza leseni iko kwa barua pepe ya nani na inaisha tarehe ngapi. Mafundi wengi hutumia leseni yao moja kwa wateja kadhaa. Haina ubaya mnapofanya kazi pamoja, lakini fundi akihama au asipoilipia, plagini itaacha kupata sasisho na wewe hutaambiwa. Kabla ya kumlipa malipo ya mwisho, hakikisha leseni, akaunti ya hostingi, kikoa na ile Google Drive ya nakala rudufu vyote vimesajiliwa kwa barua pepe ya biashara yako, na kwamba umejaribu kuingia katika kila kimoja bila yeye.